Daftari la Usingizi, Kidato cha Pili B

Nankoma alisinzia saa mbili na nusu asubuhi,
katikati ya mmeng'enyo wa chakula.
Kichwa kilishuka, kikagutuka, kikashuka tena,
mpaka shavu likatua juu ya utumbo mwembamba
alioupaka kijani kwa kukosa nyekundu.
Darasa zima likanigeukia.
Fimbo ya kuonyeshea chati ilikuwa mkononi mwangu
na walijua, kama nilivyojua, kwamba ina kazi mbili.

Nilimwacha. Akakoroma mpaka kengele.

Kesho yake nikawaambia: kila mtu daftari, kurasa arobaini tu.
Andika saa uliyolala, saa uliyoamka,
na kitu cha mwisho ulichokitazama.
Usinitungie. Jicho lililokesha halijui kuficha.

Ijumaa nikayabeba nyumbani
kwenye kiroba kilichowahi kutiwa salfa.
Newala yote ilinuka mabibo yaliyochacha.
Nikasoma.

Mwanaidi: saa sita. Simu ya dada, ndani ya shuka.
"Lakini mwanga niliupunguza, mwalimu."
Fakihi: saa nane. Korosho za jirani zimelipwa,
spika imeelekezwa dirishani kwetu.
Somoe: "Sijui saa. Mdogo wangu ana homa,
tunapokezana na mama."
Chitanda: kulala saa mbili, kuamka kumi na mbili,
siku zote tano, wino mmoja, mkono uleule wa haraka;
huyo ameyaandika yote asubuhi, mstarini.
Nankoma: siku nne tupu. Ya tano:
"Baba analinda ghala la korosho. Akisinzia atafukuzwa.
Nakaa naye nampigisha soga."

Jumatatu somo langu lilikuwa tayari.
Nikasema: umri wenu unataka saa nane, tisa, hata kumi.
Simu ilale chumba kingine, nayo ina haki ya kupumzika.
Chai ya rangi baada ya isha, hapana.
Nikasema pia: saa iliyomo mwilini mwenu siku hizi inachelewa;
usingizi unakuja usiku mwingi
na alfajiri hautaki kuondoka.
Si uvivu. Ni kukua.
"Si uvivu!" Wakapiga meza. Fakihi akasimama:
"Mwalimu, yaandike hayo, ugonge muhuri, nimpelekee bibi."

Nankoma hakupiga meza.

Usiku ule nikaenda ghalani. Taa moja, magunia mpaka darini,
baba yake kwenye kigoda, rungu mapajani, macho kodo.
Kijana alikuwa ameenda kuchota maji.
"Miaka kumi na moja nalinda," akaninong'oneza,
"sijasinzia hata mara moja.
Najifanya tu. Nikiinamisha kichwa, anaanza kuongea.
Tangu mama yake aondoke, nyumbani haongei."

Hotuba ikanipotea.
Tukapanga pale pale, watu wazima wawili,
sauti chini kama wezi:
soga ianze jioni, mihogo ikiwa jikoni,
kabla ya lindo; saa tatu mtoto kitandani,
na baba akae kichwa juu,
aache kusinzia kwa uongo.

Sasa ukurasa wa Nankoma una saa. Tatu na robo. Nne kasoro.
Alhamisi bado anasinzia; sijui Alhamisi kuna nini, simuulizi.
"Kitu cha mwisho nilichokitazama," aliandika juzi,
"mgongo wa baba akienda kazini."

Na lipo daftari ambalo sikuliomba,
jalada kwa mwandiko wa Somoe: Mwl. Nampota.
Ukurasa wa kwanza wameupiga mistari, wananisubiri.
Nimeujaza jana, bila kutunga:
Saa saba na dakika kumi.
Kitu cha mwisho: madaftari yenu.