Ganda la Ganda

Niliposema naenda Ganda wakauliza:
kwa nani, kuna msiba?
Nikasema naenda kuona ghala.
Wakacheka. Ghala la pamba lisilo na pamba
tangu bei ilipokufa na wenye bei wakahama.

Mimi ni fundi. Miaka thelathini na mmoja
nimemwaga slabu kutoka Maweni hadi Mtangani,
inchi sita, inchi nane kwa mwenye wasiwasi,
nondo juu ya nondo, na nguzo nene
kama miguu yenye matende.
Sijui kujenga ila kwa kuogopa.

Changawa, mwenye ufunguo wa mlango usio na kufuli,
alitangulia, akawafukuza mbuzi watatu,
akasema: haya, tazama, ni bure, ila chai.

Nikatazama.
Juu yangu zege limekunjwa
kama shuka kambani iliyojaa upepo
ikaambiwa: baki hivyo hivyo.
Katikati hakuna nguzo. Nilizunguka nikiitafuta
kama mtu anayetafuta mwiba katika mnofu wa samaki.
Hakuna.

Pale ukingoni, paa linaposhuka hadi kifuani,
nikatoa tepu. Inchi tatu kasoro.
Nikaifuta tepu kwenye suruali
kana kwamba uchafu ndio unaosema uongo.
Inchi tatu kasoro.
Boflo la asubuhi ni nene kuliko hili.
Nikagonga kwa sarafu. Likajibu
kwa sauti ya mtungi mzima.

Kwa ndani mbao zimeacha sura zao:
mstari wa ubao, kifundo cha tawi,
na mahali pamoja msumari uliopinda, ukapigwa, ukalazwa.
Nikamjua fundi yule, ingawa jina sina,
kwamba saa ile alikuwa amechoka.
Mbao zenyewe ziliishia mekoni zamani.

"Bibi yangu alibeba karai hapa," asema Changawa.
"Mbodze wa Mwaringa, mwenye shingo.
Wanawake arobaini, ngazi za boriti.
Mchana ukaisha, zikaletwa karabai,
kwa sababu zege halilali.
Mvulana mmoja alisinzia kule juu,
wakamwamsha kwa jina la mamake.

Siku ya kung'oa mbao
mhandisi alisimama nje, sigara mdomoni bila moto.
Wanaume walikumbuka kazi zao za mbali.
Bibi akaingia na sufuria ya mihogo,
akakaa pale, hapo ulipo wewe,
wenzake wakamfuata.
Aliulizwa hadi uzeeni: hukuogopa?
Akasema: jua lilikuwa kali, na humu mna kivuli."

Nikakaa. Sakafu baridi, harufu ya mbuzi.
Nuru iliingia chini ya ukingo
ikaupanda mgongo wa kunjo taratibu
kama mtu anayesoma kwa kidole.
Nikazifikiria slabu zangu zote, tani kwa tani,
zinavyobeba kwanza hofu yangu,
kisha ndipo nyumba ya mwenyewe.
Hili halibebi. Linapitisha.
Uzito ukifika juu huonyeshwa njia,
huteremka kwa upinde hadi ardhini
kama neno katika ukoo wenye adabu.

Kuna ufa, sitauficha. Upande wa kaskazini
nondo imechungulia, ina kutu,
na kipande cha ukubwa wa sinia kimeanguka.
Ndani ya jeraha niliona kokoto ndogo, sawasawa,
zimechambuliwa kama choroko.
Nani siku hizi huchambua kokoto?

Mfukoni nilikuwa na yai la kuchemsha.
Nikalibana kati ya viganja, ncha kwa ncha,
nikakaza hadi mishipa ya shingo ikasimama.
Changawa akanitazama kwa huruma.
Yai halikuvunjika.

Basi nikaligonga kwenye ukingo wa ghala.
Likapasuka lile linalolika.
Tukagawana, chumvi kutoka kwenye karatasi yake,
na mbuzi wakarudi, mmoja mmoja,
kivulini.