Shakiki

Karani wa Mahakama ya Kadhi ana wino kidoleni
na nusu ya biskuti juu ya faili letu.
Ameandika jina langu, ameandika la Twalibu,
kisha katikati, kwa mwandiko wa mlazo:
ndugu shakiki.

Nikamwambia, futa hilo la pili. Ndugu yatosha.
Ndugu ni neno pana, humwenea kila mtu:
muuza kahawa wa Kuze huniita ndugu,
na aliyeniibia simu pale Mwembe Tayari
alianza na "samahani, ndugu yangu."
Akasema, mirathi haitaki neno pana.
Yataka kujua ni wa baba, wa mama, au wa wote wawili.

Haya, liache. Lakini lina maana gani?
Hakuinua kichwa. "Asili yake Kiarabu. Ni kupasua.
Kitu kikipasuka pande mbili sawasawa,
upande huu ndio shakiki wa upande ule."

Nikacheka, kicheko kikanikwama.
Duka la marehemu, hatua chache kutoka Marikiti,
tumelipasua kwa plaiwudi tangu Shaabani:
kwake mizani, kwangu mawe ya kupimia;
kwake kabati, kwangu funguo.
Mteja akitaka robo ya iliki
huzunguka milango miwili, akachoka, akaenda zake.
Adhuhuri, biashara ikilala,
namsikia Twalibu akikohoa ng'ambo ya ubao:
kikohozi cha baba, hata pale kinapokatikia.

Nilidhani neno kama hili lingezaliwa na kamba,
na gundi, na kitovu.
Kumbe limetoka shokani.

Mama alikuwa akipasua nazi kwa pigo moja,
maji akiyakinga kwa bakuli la bluu,
vizio viwili akiviweka ubavu kwa ubavu
kabla ya kukaa kwenye mbuzi.
Mimi nilikuwa napenda kuvirudisha pamoja.
Jino la huku lilijua pengo la kule.
"Acha mchezo," hunambia, "wenzio wana njaa."
Wenzio. Nilikuwa na mmoja tu.

"Tia sahihi hapa," asema karani.
Twalibu yuko kwenye benchi la nyuma,
kamba ya kiatu imefunguka;
mimi ndiye niliyemfunza kuifunga, vibaya.
Kalamu ilikuwa moja.
Nikaandika jina langu, nikageuka kumpa.
Alikwisha kunyosha mkono
na bado hajanitazama.