Futi ya Fundi

Mwanamkasi kanipima paja kwa futi yake ya kushonea.
Inchi kumi na tano.
"Kola ya Mhina inalipita," akasema,
kisha akajitia kutafuta uzi.

Mimi, mbeba marobota ya mkonge,
sasa hata birika lanishinda.
Walikata kongosho Muhimbili;
misuli ikaondoka yenyewe,
bila kuaga.

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, alfajiri:
nainuka kitini bila kushika. Mara tatu.
Kidonge, yai, maharage.
Mara nne, nikitweta.
Majirani wasema nimepona.
Hawajaniona ngazini.

Jana nilichota maji. Nusu ndoo.

Leo futi imesogea upana wa ukucha.
Hakusema kitu. Akatia alama ya chaki,
kama kwenye nguo
ya mteja atakayerudi.