Skafu ya Nungunungu

Jumapili, Kibuye, magunia hupasuliwa kwa wembe
na vitu vya watoto wa ng'ambo humwagika turubaini:
magurudumu yasiyo na magari,
mkono wa plastiki ungali umeshika upanga.
Wenzangu huinamia mashati. Mimi huinamia hapa.

"Fundi, leo nimekuwekea," akasema Odera,
akanipa kitu ndani ya soksi.

Urefu wa kidole cha kati. Miiba mitatu imevunjika.
Miwani ya rubani juu ya paji, tumbo la mnywa busaa.
Alikuwa yeye.

Jina lake halisi sikulijua hata siku moja.
Sisi tulimwita Rubani,
sisi wa nyumba za kiwanda cha karatasi, Webuye,
ambako hewa ilinuka mayai viza usiku na mchana
na mgeni akiziba pua tulimshangaa.
Kila Jumatano jioni tulivua ndala mlangoni kwa Bwana Makokha,
karani wa mizani, mwenye televisheni ya miguu minne.
Watoto kumi na tisa sakafuni.
Mkewe alituhesabu kama vifaranga, kuingia na kutoka.

Nungunungu aliruka, ndege ikakohoa,
akaanguka topeni, mahindini, ndani ya supu ya harusi ya watu.
Kiingereza chake kilitupita kama treni ya mizigo.
Ndipo kaka yangu Khaemba alipojiteua mkalimani:
"Anasema injini imemeza maharagwe mabichi."
"Anasema, mwambieni mama asiniwekee chakula."
Alitunga yote. Tuliamini yote.

Ila skafu.

Skafu iliyopepea nyuma yake ilikuwa ya kijivu,
kama kila kitu ndani ya sanduku lile,
kijivu cha jivu la jana.
Khaemba akasema ni nyekundu. Nikasema ni ya kijani.
Tuliigombania njiani, bombani,
chini ya blanketi moja, kwa mateke ya kimyakimya,
mpaka baba akaja na kandambili mkononi.

Rafuni juu ya cherehani yangu, Nyalenda, wako kumi na saba:
mbwa mwizi wa soseji, bibi kizee na roketi yake,
fisi daktari wa meno, hana mkono.
Mama wa kwaya aliyekuja kupimwa gauni
aliuliza kama ni vya kuagulia.
Nikamwambia ndiyo, inua mikono, kiuno arobaini na mbili.

Huyu nilimpeleka dirishani.
Skafu ilikuwa nyeupe,
nyeupe ya plastiki iliyolambwa:
mtoto fulani, mahali fulani, alikuwa anaota meno.
Nikamgeuza. Nikatafuta kwa ncha ya sindano, kwa tochi ya simu,
chini ya kidevu, ambako ulimi haufiki.
Chembe. Ndogo kama yai la chawa.
Ya manjano.

Nikakaa.
Tangu tumzike baba hatujasemezana, mimi na Khaemba,
miaka sita, kwa kipande cha shamba kule Misikhu
ambacho ng'ombe mmoja angekimaliza kabla ya adhuhuri.
Wazee wa ukoo wameshindwa. Chifu ameshindwa, na soda amekunywa.

Nikapiga.
Simu iliita kama inayopanda mlima.
"Nani?" akasema, na alijua.
"Ilikuwa ya manjano," nikasema.
Kimya. Jogoo wake akawika, saa ya kipuuzi.
Kisha, polepole, ile sauti ya mkalimani:
"Hiyo ni nyekundu iliyochoshwa na jua."
"Nimeitoa chini ya kidevu. Jua halifiki."
"Basi itazame vizuri."
"Njoo uitazame mwenyewe."

Hakusema ndiyo. Alisema mvua imenyesha Misikhu.
Alisema simu yake haina chaji.

Nimemweka Rubani mbele ya wenzake, kando ya kopo la vifungo,
uso umeelekea mlangoni.
Sijamwosha.
Chembe ile ni ndogo, na kesi bado inasikizwa.