Wimbi la Tano

Mota ya mashine ya tisa ilianza kunung'unika
usiku wa Jumanne, theluji ikiwa bado juu ya mapaa ya Uşak,
na Döndü, fundi umeme wa zamu,
akaweka kiganja kwenye ganda lake la chuma
kama mtu apimaye homa ya mtoto asiye wake.
Akakitoa upesi.

"Beringi," akasema bwana Rahmi, bila kuinua macho kwenye chai.
Beringi ikatolewa. Njia ya gololi ilikuwa na makunyanzi,
mstari, mstari, mstari,
kama ubao wa kufulia.
Wakatia mpya. Siku ya sita
mota ikarudia manung'uniko yale yale.

Fezi tatu, mafiga matatu:
chungu hakiulizi jiwe lipi limetoka wapi
maadamu yote yamelingana kimo.
Na mita ilisema yamelingana.
Mia tatu tisini na saba, mia tatu tisini na nane,
mia tatu tisini na saba.
"Sawa ni sawa," akasema mwenye kiwanda. "Unataka nini tena?"

Lakini sawa ina tumbo, na tumbo lina mambo.
Döndü akaazima kwa binamu yake wa kiwanda cha vigae
chombo kinachochambua wimbi,
akakifunga nyaya, akangoja kioo kiwake.
Ndani ya wimbi kubwa mlikuwa na vijiwimbi,
wageni waliodandia, kila mmoja na mwendo wake:
wa tatu, asiyezunguka, apandaye na kushuka pale pale;
wa saba, ambaye angalau hufuata njia;
na wa tano.
Wa tano huenda kinyumenyume.
Huushika mhimili akauvuta kule ulikotoka,
hana nguvu za kuusimamisha,
anazo za kuuchosha.

Fezi ya kwanza: asilimia mbili ya huyo mrudi nyuma.
Ya tatu: mbili na nusu.
Ya pili: tisa.

Akacheka peke yake, katikati ya mngurumo.
Jina lake kwa Kituruki maana yake "amegeuka".
Alizaliwa binti wa nne,
mama akampa jina hilo kama apigaye hodi kwa Mungu:
sasa geuza, wa tano awe mwana.
Wa tano akaja, binti,
wakamwita Songül, waridi la mwisho,
wakaacha kubisha.

Saa tisa za usiku akafungua kabati la chujio.
Fyuzi tatu, vitaa vitatu vya kijani,
vyote vinawaka, cha katikati kinadanganya.
Fyuzi ya pili ilikuwa imekufa kitambo,
vumbi la sufu limetulia juu yake,
hakuna aliyelipuliza.
Bei yake: bakuli mbili za supu ya dengu.
Bwana Rahmi akaishika, akaitikisa sikioni;
kitu kikachakacha ndani kama mchanga.
Hakusema beringi.

Kabla ya alfajiri mashine ya tisa ilirudi kwenye sauti yake ya kazi,
ile ambayo mtu huacha kuisikia.

Ila nyuzi za siku zile kumi na moja
zilikwisha sokotwa, zikafumwa, zikachanwa manyoya.
Mablanketi yakatoka na mistari
isiyoonwa na jicho,
bali kidole, tena kikipita taratibu.
Yakauzwa daraja la pili, gulio la Alhamisi.
Döndü akanunua moja, la kijivu,
akampelekea mama.

Mama akalipapasa, macho yake yenye mtoto wa jicho
yakitazama dirishani.
"Hili lina mbavu," akasema.
"Lina mbavu, mama."
"Nani kalifuma?"
Binti hakujibu. Akapiga magoti,
akaanza kumfunika kuanzia miguuni,
akivuta upande mmoja, kisha mwingine,
na bado halikulingana.