Fomu ya Forodha, Busia

Tulitoka Kisumu saa kumi alfajiri,
watu saba, baiskeli saba nyuma ya pikapu ya kukodi,
na mimi mweka hazina, daftari kwapani:
mafuta, elfu nne; ndizi, mia tatu;
pampu moja, ya kuazima.

Ghuba yetu ilikuwa imefungwa na gugumaji tangu Machi.
Ukichovya mkono pale Dunga unaambulia mizizi.
Miezi miwili tuliogelea katika bwawa la hoteli,
mia tano kila kichwa, mita ishirini kwenda, ishirini kurudi,
tukigeuka na kugeuka kama chapati,
watoto wa wageni wakituuliza tumepoteza nini huko chini.
Ndipo Jerotich, kocha, akasema: Jinja.
Kule maji yana mahali yanakokwenda.

Ng'ambo! Nyaboke alinunua soksi mpya.
Shikuku alimuaga mama yake kana kwamba anapanda ndege.

Busia, saa mbili na nusu.
Bi. Nabwire wa forodha, miwani kwenye ncha ya pua,
aliizunguka pikapu mara mbili.
"Mnauza?"
Hatuuzi.
"Mnalipwa?"
Tunalipa.
"Mnalipa ili mchoke."
Hakuwa anauliza. Alikuwa anaandika.

Risiti sita zilipatikana.
Ya saba ilikuwa baiskeli ya Odera.

Fremu ilitoka Kibuye, kwa muuza vyuma,
ikapimwa kwa kilo pamoja na masufuria.
Gurudumu la mbele aliliacha padri mmoja alipohamishwa.
La nyuma ni la muuza maziwa wa Ahero
aliyepata pikipiki akasahau kukanyaga.
Tandiko lilikuwa la Obuya, ndugu yake,
limebonyea kushoto kwa jinsi Obuya alivyokaa,
na Odera, mwaka wa tatu sasa, hajalinyoosha;
hupanda kilima cha Riat amekaa upande.

"Imetengenezwa nchi gani?"
Odera akafungua mdomo, akaufunga.

Jerotich akatazama saa. Kocha ni kocha.
"Hatukuja kusimama. Kimbieni."
Tukakimbia, basi, kando ya foleni ya malori,
tukirudia njia ileile tuliyokuja nayo,
vumbi, dizeli, harufu ya mahindi yaliyolowa,
madereva wakichungulia:
"Nani anawafukuza?"
"Hakuna!"
"Basi mnamfukuza nani?"
Kwa hilo hatukuwa na pumzi.

Tuliporudi, jasho limekauka likawa chumvi,
Bi. Nabwire alikuwa ametoka ofisini, ameinama,
kidole chake ndani ya lile bonde la tandiko.
Sijui walisemezana nini.
Aliinuka, akavuta fomu mpya,
akaandika kwa herufi kubwa huku akitamka:
BAISKELI. MOJA. ILIYOTUMIKA.
Nchi: akapiga mstari.
Thamani: akamtazama Odera, Odera akatazama viatu,
akapiga mstari mwingine, mrefu zaidi.
Muhuri ukashuka.

Nadhani ilikuwa karatasi ya kwanza
kusema kwamba vyuma vile ni kitu kimoja.

Tulivuka kwa miguu, tukisukuma.

Jinja tuliogelea siku nne. Maji baridi.
Shikuku aliyanywa mengi kuliko aliyoyapita.
Asubuhi ya tatu, pale mkondo unapoanza kuvuta,
kipande cha gugumaji kilinigusa bega
na ua lake la zambarau, kikanitangulia.
Naapa kilitoka kwetu.
Hakuna aliyekiomba risiti.

Hesabu nimeshafunga. Salio: shilingi sitini.
Nakala ya fomu ya Odera imo humu daftarini,
katikati ya ndizi na pampu.
Kila mkaguzi huuliza hayo yalikuwa matumizi gani.
Namwambia ageuze ukurasa.