Mstari wa Anwani

Agosti, wiki moja kabla ya kengele,
walitukusanya bwaloni, shuleni kwetu hapa Duluth,
sisi tusiofundisha:
madereva wa basi, wapishi, mfagizi wa zamu ya usiku,
na mimi, karani wa dirisha la mbele,
miaka ishirini na miwili nikipokea fomu.

Nilikuja na uzi wangu wa sufu. Nilidhani nitafuma.

Bi Odegaard hakuwasha projekta.
Alisema: Toeni pochi. Wekeni mezani
kitu cha kuthibitisha kwamba mnalala mnakosema mnalala.
Dakika tatu.
Tukapekua. Lonnie, dereva wa basi namba tisa,
alikuwa na leseni yenye anwani ya mke aliyemwacha.
Mpishi alikuwa na picha ya mbwa.
Mimi, kuponi ya sabuni
na kadi ya maktaba isiyo na mtaa wala nyumba.
"Basi," akasema, "leo hapa hasomi mtu."
Tulicheka,
kisha kicheko kikakosa pa kukaa.

Akatufundisha.
Kwamba mtoto anayelala kwenye sofa ya shangazi
naye hana kwao,
maana mgeni siku ya kwanza, mgeni siku ya pili,
na siku ya tatu hata jembe hapewi,
anapewa tarehe ya kuondoka.
Kwamba usingizi wa darasani si utovu wa adabu,
huenda ni usiku uliochelewa kufika.
Kwamba anayeficha mkate mfukoni
asishtakiwe kwa mkuu wa shule; aongezwe mkate.
Kwamba aandikishwe leo,
karatasi zitamfuata zikipata miguu.
Na kwamba swali si "Unaishi wapi?"
Swali ni "Jana ulilala wapi?"
na huulizwa mlango ukiwa umefungwa.

Sindano zangu zikasimama.

Kwa sababu Machi,
siku ile theluji imegeuka uji mweusi,
alikuja mama na mvulana wake, Jace Wuollet.
Bili ya umeme? Hana. Mkataba wa pango? Hana.
Nilimjibu kwa upole, na huo upole ndio unaonikaba:
"Rudi ukizipata, mpenzi."
Tulipokuwa tunazungumza mvulana alivuta kikombe changu cha penseli
akazichonga zote, kumi na nne,
akazirudisha ncha juu,
akapuliza unga wa mbao usibaki mezani.
Akaniambia asante. Yeye, mimi.
Hawakurudi.
Niliandikia penseli zake hadi Pasaka.

Nilinyoosha mkono, nikamuuliza Bi Odegaard
mafunzo haya yanamfanyia nini aliyekwisha kuondoka.
Hakunipoza.
"Hayamfanyii kitu," alisema,
akanimiminia kahawa.

Septemba, Jumanne. Mwanamke, na binti wa miaka minane
ndani ya koti la mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu.
Nilitoka nyuma ya kioo. Nikafunga mlango.
"Jana mlilala wapi?"
Mama akautazama mlango, akanitazama mimi,
akautazama tena mlango.
"Garini. Nyuma ya duka la matairi, pale relini."
Kwenye mstari wa anwani nikaandika hivyohivyo,
maneno yake, yote, hadi yakamwagika nje ya kisanduku.
Nikampigia Lonnie.
Hakuuliza kwa nini. Alisema atampakia wa kwanza
na kumshusha wa mwisho,
macho ya wenzake yasijue ni wapi.

Binti alikuwa ameegemea meza yangu, kidevu juu ya mikono.
"Penseli zako zote butu," akasema.

Najua, nikamwambia.